Mtembeza wageni nilipogeuka mgeni

Nilipiga makofi matatu tu. La tatu halijakwisha kulia, mkuyu mzima ukafumuka.

Popo mia mbili, pengine mia tatu, waliachia matawi kwa mkupuo mmoja wakazagaa juu ya vichwa vyetu, na jua la saa tisa likapenya kwenye mbawa zao mpaka nikaiona mifupa ya vidole vyao, kama ngozi ya ngoma inayomulikwa kwa nyuma. Simu ilikuwa juu, inarekodi. Nilichowaza wakati ule nakikumbuka vizuri na sina pa kukificha: hii itapata watazamaji. Shemeji yangu, aliyenipakia kwa pikipiki mpaka pale, alikuwa anacheka, mara akanyamaza kama aliyekanyaga mwiba. Nikageuka. Mzee mmoja, kikoi na fulana, panga kwapani, kasimama baina ya makaburi anatutazama.

Hakupaza sauti. Wala hakuniuliza mimi.

"Huyu nani?"

"Shemeji yangu, babu. Kaoa kwetu."

"Ahaa. Mkwe."

Aliyeoa Pemba ataelewa. Kuitwa mkwe kwa sauti ile ni sawa na kuitwa mbele ya kadhi, kwa sababu kabla ya swala ya isha habari itakuwa imeshafika kwa baba mkwe, tena imeongezwa chumvi njiani.

Mimi ni mtu wa Unguja na kazi yangu ni kutembeza wageni. Huu mwaka wa kumi na mbili. Leo niko Mji Mkongwe, kesho msitu wa Jozani kwa kima punju, keshokutwa kisiwa cha Changuu kwa kobe. Habari za kobe wale nazisema hata usingizini: wanne wa mwanzo waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Kiingereza wa Seychelles, asili yao Aldabra, hapo natulia kidogo, halafu namwambia mgeni kuwa yupo mmoja hapa mwenye umri kuliko bibi yake, naye anacheka kama walivyocheka wa jana. Kazi hii ina mbinu zake. Ukiwa na mkate kidogo mfukoni, samaki wa mwambani watakuja mpaka puani pa mgeni. Ukipiga mluzi fulani, kima atageuza uso kwenye kamera. Na makofi ni mbinu ya zamani kuliko zote. Mnyama akilala mgeni hulala, mnyama akiruka bakshishi hutoka.

Pemba nilikuwa nimekwenda mara moja tu, siku mbili za posa, nikaonyeshwa sebule tatu na kaburi la babu wa mke wangu. Wageni wakiniuliza Pemba kuna nini, nilijibu kwa maneno ya kuazima: kisiwa cha kijani, Waarabu walikiita Al Jazeera Al Khadra, kuna karafuu, kuna popo. Watu wa bara ndio hawaulizi kabisa, wameshajijibu wenyewe kuwa kuna waganga. Mzaha huo umenichosha mpaka nimeacha kuukasirikia.

Safari hii tulikwenda kwa arusi ya mdogo wake mke wangu. Ilikuwa Novemba, msimu wa karafuu, na arusi nyingi huko huisubiri karafuu. Pesa ikishaingia ndipo turubai linasimama. Siku kumi na moja. Mbili za shughuli, zilizobaki nikajipangia mwenyewe kwenye simu kama ninavyowapangia wageni, saa kwa saa: popo, Misali, msitu wa Ngezi, bundi, magofu ya Pujini, mchezo wa ng'ombe. Mke wangu aliisoma orodha ile akaniuliza kama kwa mama yake tutalala au tutapita tu kusaini.

Boti sitaki kuieleza sana. Ukishaiacha ncha ya Nungwi unaingia kwenye mkondo, na mkondo ule haujali kama wewe ni mtu wa pwani. Nilitapika mbele ya mtoto wa miaka sita aliyekuwa anakula biskuti.

Lakini njia ya kutoka bandari ya Mkoani kwenda mji wa Chake nakumbuka kila kona. Sisi wa Unguja tunaishi juu ya kisiwa cha bapa, upande wa mashariki wote jiwe la matumbawe. Pemba ni kilima, bonde, kilima, bonde. Juu mikarafuu, chini mpunga, na kila mara gari ikipanda unaona kipande cha bahari kimeingia ndani ya ardhi kama ulimi, na mikoko pembeni. Na kote kando ya barabara, juu ya majamvi, juu ya mikeka, hata juu ya lami yenyewe, karafuu zimeanikwa. Dereva anazikwepa kwa ustadi. Harufu inaingia garini haitoki tena. Nguo zangu nilizorudi nazo Unguja bado zinanukia.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo, kabla ya popo. Uani kwa wakwe, baada ya magharibi, wanawake wapatao kumi walikuwa wamekaa chini wamezunguka chungu ya karafuu mbichi, wanachambua, taa imening'inizwa kwenye mti wa mpera. Mikono inakwenda, midomo inakwenda, kanga za kila rangi. Nikainua simu. Mke wangu akaishusha kwa mkono wake bila hata kunitazama.

"Wale shangazi zangu," alisema. "Kaa uchambue."

Nikakaa. Kwa nje ni kazi nyepesi: unashika kikonyo chenye shada lake, unalisugua kwenye kiganja, vichwa vya karafuu vinadondoka, makonyo unayatupa upande wa pili. Baada ya nusu saa kiganja kilikuwa chekundu na kinawaka, mafuta ya karafuu yameingia kwenye kila mchubuko, na rundo langu lilikuwa dogo kuliko la mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa huku anafanya hesabu za skuli. Shangazi mmoja akalitazama akasema, "Mkwe anachambua kama anahesabu pesa." Wakacheka mpaka taa ikatikisika. Usiku ule nilisikia habari za watu watatu wasioelewana, bei ya mwaka huu, vibarua wa kuchuma wanaolipwa kwa pishi, kijana aliyeanguka na tawi akavunjika nyonga, na jinsi ya kumjua mwanamume bakhili kwa anavyofunga mfuko. Picha sina hata moja. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia wageni kwenye mashamba ya viungo ya Unguja kwamba hapa ndipo nyumbani kwa karafuu! Tufani ya mwaka 1872 iling'oa mikarafuu mingi ya kwetu. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ni ya Wapemba. Hili nilikuwa nalijua. Nilikuwa naliruka.

Sasa nirudi makaburini.

Nilimwamkia yule mzee. "Marahaba, mwanangu," akaitikia, uso mkavu. Kisha: "Wewe saa tisa ya usiku huwa wapi?"

"Nimelala, mzee."

"Nije nikupigie dufu dirishani?"

Sikuwa na jibu. Akasafisha mzizi mmoja kwa ubapa wa panga, akasema kaeni. Shemeji akanong'ona kwamba tuna safari ya Wete. Mzee akasema Wete haihami.

Tulikaa pale tangu saa tisa na kitu mpaka magharibi. Nusu ya popo walirudi taratibu, mmoja mmoja, wanakosea tawi, wanagombana, wanalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Waliobaki walikuwa wamevuka bonde wakajibanza kwenye miembe ng'ambo. Mzee aliwanyoshea panga: "Wale leo hawarudi. Na huko kuna kunguru, watadonolewa mpaka jioni." Na kweli tuliwasikia kunguru.

Walipotulia ndipo nikaanza kuwaona. Nimeandika "kuona" nikijua kuwa dakika chache kabla nilikuwa nimewarekodi mia tatu angani. Manyoya ni mekundu ya kutu, shingoni yameng'aa zaidi. Uso si wa popo niliowazoea mapaani, ni uso wa mbwa mdogo mwenye macho makubwa ya kahawia. Joto likizidi wanajipepea kwa bawa moja, pole pole, kama bibi arusi. Wengine wananing'inia kwa mguu mmoja tu, wa pili wanajikunia. Mmoja karibu na sisi alizinduka, akajivuta, akageuka juu chini, yaani kwake, akashika tawi kwa kucha za vidole gumba, kichwa juu kama sisi. Nikadhani anataka kuruka. Akakojoa, akajitikisa, akarudi kuning'inia. Shemeji yangu, aliyezaliwa kilomita sita kutoka pale, akaniangalia mdomo wazi. Hakuwahi kuliona hilo.

"Kichwa chini atajikojolea usoni," alisema mzee. "Ana akili huyu. Lakini akikurupushwa hana nafasi ya kukuonyesha."

Mzee yule alikuwa mzungumzaji akishaamua kuzungumza. Alisema ujanani kwake popo walikuwa wakitegwa kwa nyavu zilizofungwa kwenye miti mirefu, na wengine kwa urimbo. Waliokula wakala, waliosema haramu wakasema haramu, na hakuna aliyemshinda mwenziwe kwa maneno. Halafu zikaja bunduki. Na huku msitu unakatwa. Ikafika mahali mtoto anaweza kukua asimwone. Alichokisema nimekuta kinalingana na walichoandika wataalamu: ilifika mahali ikahofiwa kuwa wako karibu kutoweka. Watu wa uhifadhi wakafanya kazi na wanavijiji, vikaundwa vilabu vya mazingira, watu wakakatazana wenyewe kwa wenyewe, na miaka ya 2000 walipohesabiwa tena walikuwa wamevuka 20,000. Kidike, upande wa barabara ya Chake kwenda Wete, ndiko kunakojulikana zaidi na wageni hulipa kiingilio. Kwa mzee huyu hakuna kibao wala kiingilio. Popo hawajamwingizia hata shilingi, tena wanamlia maembe. Anawalinda kwa sababu wamelala juu ya kaburi la baba yake, na mti wa makaburini haukatwi. Ukiuliza kwa nini baadhi ya miti mikubwa ya vijijini Pemba bado imesimama, utajibiwa hivyo hivyo: iko penye makaburi, au penye mzimu.

"Na mkuyu ule pale ukingoni," alisema akionyesha mche uliofika kifuani, "nani kaupanda? Si mimi. Hawa wanakula tini hapa, wananya kule."

Hiki ndicho ninachotamani ningekuwa nawaeleza wageni tangu mwaka wa kwanza: popo huyu hayuko popote pengine duniani. Unguja hayupo. Tanga, ambako ukisimama Pemba siku ya kweupe unaiona milima yake, hayupo. Jamaa zake wako Mafia, Komoro, Madagaska, mpaka Bara Hindi na mbele huko, lakini Afrika bara hawajawahi kukaa. Pemba yenyewe imetengwa na ule mkondo ulionitapisha na mwenziwe wa upande wa magharibi. Unguja imekaa juu ya bahari ya kina kifupi. Zama za barafu, bahari ilipopungua, ilikuwa imeshikana na bara, ndiyo maana tulikuwa hata na chui. Mkondo wa Pemba, huo wa magharibi, una kina cha kiasi cha mita 800. Maji yale hayakukauka. Pemba ilikuwa peke yake muda mrefu sana, na aliyefika ilibidi aruke au aelee, kisha akakaa akawa wa hapo. Popo mwenye mbawa zenye upana wa kiasi cha mita 1.6 aliweza. Kuna na ndege wanne wa namna hiyo, wasiopatikana kwingine kokote: ninga wake, chozi wake, yule mdogo mwenye duara jeupe jichoni, na bundi, ambaye nitamfikia.

Magharibi walitoka. Hawakufumuka kama mchana. Alitoka mmoja, akazunguka, akarudi. Kisha wawili. Kisha wakawa wanatoka kama watu wanaotoka msikitini, kila mmoja na njia yake. Adhana ikaanza upande wa bondeni, mzee akasimama akajipangusa, tukafuatana naye kwenda kuswali. Njiani alinishika mkono na hakulitaja tena suala la makofi. Baba mkwe alilitaja. Alikuwa ameshapigiwa simu.

Kesho yake tulikwenda Misali. Tuliondokea Wesha kwa mashua ya mvuvi mmoja, maji yanajaa, upepo mwepesi. Nilikuwa nimeshajifunza kuhusu makofi, ila akili ya mtu haijifunzi mambo mawili kwa siku moja. Nilikuwa na mikate miwili ya boflo kwenye mfuko. Nahodha aliiona.

"Ya chai?"

"Ya samaki."

"Samaki wa Misali hawajaomba," alisema, akavunja kipande akala yeye, mingine akampa mvuvi wa dago, yaani anayepiga kambi kuvua.

Misali ni kisiwa kidogo, hakifiki hata kilomita moja ya mraba, hakina mwenyeji wa kudumu, lakini wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago pale kwa siku na siku. Hadithi yake kila mvuvi anayo: Nabii Hadhara alifika, akaomba msala wa kuswalia, hapakuwa na msala, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, kwa kuwa kimelala kuelekea kibla. Jina likabaki. Mwaka 1998 serikali ilipokitangaza eneo la hifadhi, ukabaki upande mmoja usiovuliwa kabisa, na kuna wavuvi walioona wamenyang'anywa. Nahodha anasema kilichowalainisha wengi si karatasi ya serikali. Masheikh walipoanza kusoma aya za kutofanya uharibifu katika nchi, wakakumbusha kuwa mtu hatupi baruti juu ya msala, mabishano yalipungua. Hayakwisha. Yeye mwenyewe alinionyesha mstari usioonekana ambapo uvuvi unakoma, akaguna: "Samaki wote wanaujua mpaka huu kuliko afisa."

Nikaingia majini bila mkate. Dakika tano za mwanzo nilihisi kama mtu aliyekwenda ugenini mikono mitupu. Samaki walinipita. Nikaacha kupiga miguu, nikaelea tu kama kipande cha mbao, na masikio yalipozoea nikasikia: kra, kra, kra, kama watu wengi wanatafuna kashata chumba cha pili. Pono. Nimewaona pono maelfu na sijawahi kuwasikia, kwa sababu huwa kuna mgeni anapiga kelele kwenye mpira wake wa kupumulia na mimi natawanya boflo. Alikuwepo mmoja wa kijani mkubwa kama mkono wangu. Anauma bonge la mwamba kwa meno yake yaliyoshikana kama mdomo wa kasuku, anasogea, anatulia, kisha nyuma yake linatoka wingu jeupe linalozama taratibu. Mchanga. Ule ufuo mweupe tulioivutia mashua, sehemu yake imepita kwenye tumbo la pono. Nilipopanda nikamwambia nahodha kama mtu aliyegundua dhahabu. Akasema, "Enhe," akaendelea kufunga kamba.

Ngezi tulikwenda usiku, na hapo ilibidi nipite kwanza kwa mama mkwe. Kumfuata bundi msituni kwa hiari yako, katika wiki ya arusi! Bundi akilia juu ya paa watu huhesabu wagonjwa waliomo mtaani. Alinisomea, akanipulizia, akasema nisimwite ndege yule kwa jina lake nikiwa huko. Sikumwambia kuwa nimekata risiti.

Msitu ule ni hifadhi tangu mwaka 1959, na ni mabaki. Zamani Pemba ilikuwa na misitu mingi ya namna hiyo, ikafyekwa kwa mikarafuu. Mvule umekwenda juu mpaka taa haifiki, na pembeni yake mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ulio wa Pemba peke yake, shina limepigwa pete kama mwanzi. Kima punju wamo pia, ingawa si wenyeji. Waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Mhifadhi aliyetuongoza alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya mpira. Nilimwuliza kama ana sauti ya bundi kwenye simu, tumpigie aje. Rafiki zangu wa kazi hufanya hivyo kwa ndege. Akasema anaweza. Akasema pia kwamba ukimpigia, anadhani kuna mwenziwe kavamia kwake, anaacha kuwinda anakuja kupigana na simu. "Mgeni akitaka sana tunafanya," alisema. "Wewe unataka sana?"

Nikasema nitangoja. Mbu wa Ngezi wakasikia nikisema hivyo.

Tulizima taa. Sitasema nililala kwenye utulivu wa maumbile, nilikuwa nawashwa kuanzia shingo mpaka kifundo, na shemeji alinong'ona mara tatu kuuliza kama inatosha. Yapata saa tatu na robo, kulia kwetu, chini kuliko nilivyotarajia: *tu*. Neno moja. Kimya kirefu kiasi cha kumaliza Fatiha. *Tu.* Halafu kushoto, mbali, akajibiwa kwa sauti nyembamba kidogo. Wakawa hivyo, mmoja anasema, mwingine anafikiri kwanza ndipo anasema. Hatukumwona hata unyoya. Shemeji alikuwa amenishika mkono wa shati na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye pikipiki, na tumekubaliana kuwa hilo nisiliandike.

Pujini mvua ilitunyima. Mchezo wa ng'ombe haukuwa wakati wake. Siku tatu za mwisho niliifuta orodha, nikabaki uani nachambua karafuu; rundo langu lilifika kiwango cha darasa la sita.

Nimerudi kazini. Kizimkazi, alfajiri, mashua kumi na tano zinawazunguka pomboo wanne, kila nahodha amekaza mashine awape wageni wake nafasi ya kurukia majini mbele ya pua ya mnyama. Wazee wa pale hawajasahau kuwa mpaka katikati ya miaka ya 1990 pomboo walikuwa wakivuliwa wawe chambo cha papa. Watalii ndio waliowaokoa, nami huwa nalisema hilo kwa fahari. Lakini siku ile, nikiwa nimekaa mbele na wageni sita, niliona yule mnyama anapiga mbizi kabla hajamaliza kuvuta pumzi, na nikamsikia mzee yule: saa tisa ya usiku huwa wapi?

Nikamwambia nahodha azime mashine, tukae mbali tungoje. Akadhani imeharibika. Tukangoja dakika arubaini. Wenzetu waliwafukuza pomboo mpaka nje ya ghuba, kwa hiyo hata subira yetu haikuwa na wa kumsubiri. Mgeni mmoja alilala, mmoja aliuliza kama kuna kurudishiwa pesa, na bakshishi siku ile ilitosha nauli ya daladala. Ofisini niliulizwa kulikoni. Nikajaribu tena wiki iliyofuata, safari hii nikiwa nimewaeleza wageni mapema, tangu hotelini, kuwa tutangoja na huenda tusione. Wawili walijitoa, waliobaki walikuja na chai kwenye chupa. Pomboo walipita mara moja, upande ambao hakuna aliyekuwa amegeukia. Tuliwasikia wakipuliza pumzi tu. Bibi mmoja wa Kijerumani alifurahi kupita kiasi. Wengine sina hakika.

Ile video ya popo bado ninayo, sekunde kumi na tisa. Sijaiweka popote na sijaifuta. Nahodha wangu wa Kizimkazi ameiona, amesema ni pesa ile, nami ni mjinga. Siku hizi haniiti tena kwa jina langu. Akinisikia nasema "zima mashine", anajibu, "Haya, Mpemba," anazima, anajilaza juu ya maboya anavuta kofia usoni.